Kazi Nyepesi, Masharti Mazito

Ukiumia kazini katika jimbo la Iowa, Marekani, gharama za matibabu ni za mwajiri na bima yake, na wiki ambazo huwezi kufanya kazi unalipwa asilimia 80 ya mshahara unaobaki baada ya kodi, ili mradi malipo hayo yasivuke kiwango cha juu kilichowekwa. Mambo hubadilika siku daktari anapoandika kwamba sasa unaweza kazi nyepesi. Mwajiri akikupa kazi inayokufaa nawe ukaikataa, fidia hiyo inasimama kwa muda wote wa kukataa kwako.

Iowa inaongoza Marekani kwa ufugaji wa nguruwe, na katika viwanda vyake vya nyama wamo wakimbizi wa Kongo ambao lugha yao ya kuelewana ni Kiswahili. Kushika kisu zamu nzima, kwenye baridi, mkato uleule maelfu ya mara, huumiza mabega na viganja. Kwa hiyo kifungu hiki cha sheria kuhusu kazi nyepesi kinawahusu moja kwa moja.

Kanuni yenyewe siipingi. Fidia ipo kuziba pengo la kipato, na anayeweza kulipunguza pengo hilo bila kujiumiza hana sababu ya kukaa nyumbani. Tena akikubali kazi nyepesi yenye mshahara mdogo, sheria humwongezea theluthi mbili za tofauti kati ya mshahara wa zamani na wa sasa. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi unaanza kwenye neno “inayofaa”. Mipaka ya kazi huandikwa na daktari, na Iowa daktari huchaguliwa na mwajiri. Daktari naye hupima mwili tu: usinyanyue zaidi ya kilo kadhaa, usiinue mkono juu ya bega. Hapimi zamu ya usiku ya mama mwenye watoto wadogo, wala umbali. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilisikiliza shauri la dereva wa lori aliyepewa kazi nyepesi mjini Des Moines, Iowa, maili 387 kutoka nyumbani kwake katika jimbo la Illinois. Majaji walikubali kwamba umbali unaweza kuzingatiwa katika kuamua kama kazi inafaa. Kwangu hiyo ilikuwa busara. Mwaka 2017 wabunge wakaibana: kwa mfanyakazi anayesafiri mbali na nyumbani zaidi ya nusu ya muda wake wa kazi, nafasi kwenye makao makuu ya mwajiri inachukuliwa kuwa haina tatizo la umbali. Madereva wa masafa marefu ndio hao hasa.

Mabadiliko hayohayo yalileta jambo ambalo kwa Mkongomani wa kiwandani ni zito kuliko maili. Mwajiri lazima atoe kazi hiyo kwa maandishi. Mfanyakazi naye, akikataa, lazima aandike kwamba amekataa na kwa nini. Asipoandika sababu, hawezi kudai kwamba kazi haikumfaa mpaka atakapoiandika. Kwa karani wa bima ni utaratibu mzuri, maana kila kitu kimo kwenye faili. Lakini mtu aliyepewa barua ya Kiingereza mwisho wa zamu, akatikisa kichwa kwa sababu bega linamuuma, akaenda zake, amekwisha kukataa bila sababu. Malipo yake yatasimama kabla hajapata wa kumsomea.

Wabunge wangeweza kurekebisha hili bila kuigusa kanuni: barua iandikwe kwa lugha anayoisoma mfanyakazi, apewe siku chache za kujibu, na saa za zamu zihesabiwe pamoja na kilo. Waajiri watalalamika kuhusu gharama ya mkalimani. Ni gharama ndogo mno kwa kiwanda ambacho kiliwaajiri watu hawa kikijua lugha wanayozungumza.

Kwa sasa, anayeona kazi aliyopewa inazidi mipaka ya daktari aandike hivyo siku hiyohiyo, aweke tarehe na abaki na nakala. Kifungu kinadai maandishi; sijaona mahali kinapodai Kiingereza.