Mchumia Juani na Kivuli Chake

Nilipomaliza kidato cha sita na kurudi Kagunga kungoja matokeo, mzee mmoja jirani yetu aliniuliza, "Sasa unafanya nini, mwanangu?" Nikamjibu kwamba napumzika. Akacheka kwa dharau. "Mtu anayekwenda kusomea biashara anapumzika? Biashara itakukimbia!" Nilimheshimu sana mzee yule, na kwa heshima hiyo nikatenda kosa ambalo leo nataka kulipiga vita.

Kesho yake alfajiri nilianza kununua dagaa ufukweni, kuwaanika mchangani na kuwapeleka Kigoma kwa boti. Sikutulia hata juma moja. Nilipopanda treni kwenda chuoni Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200, nilikuwa nimechoka kabla sijafungua daftari. Huko nako nikaendelea vilevile: asubuhi darasani, jioni kuhangaika na magunia ya dagaa na wateja wasiolipa, usiku kusoma kwa kuyalazimisha macho. Likizo mbili sikurudi nyumbani kwa kuogopa kupoteza wateja. Mwisho wa mwaka wa pili nikasinzia katikati ya mtihani wa uhasibu wa gharama. Nilitakiwa kuurudia, na faida yote ya dagaa ikaishia kwenye ada na pango la chumba nikiungoja. Huo ndio uliokuwa uhodari wangu.

Ajabu ni kwamba nilikulia mahali ambapo somo la kupumzika hufundishwa kila mwezi, tena bila mwalimu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa. Mwanga huwavuta viumbe wadogo wa majini, na dagaa huwafuata. Lakini mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mbalamwezi huishinda taa, dagaa hutawanyika, na mitumbwi huvutwa mchangani kwa siku kadhaa. Siku hizo baba alishona nyavu, akaziba nyufa za mtumbwi, akalala mchana, akakaa nasi wanawe barazani. Kwa kweli, sehemu kubwa ya yale ninayoyajua juu ya baba yangu niliyajua wakati wa mbalamwezi. Wala hakuna aliyemwita mvivu. Kila mtu alielewa kuwa anayeng'ang'ania kwenda ziwani usiku ule anachoma mafuta ya bure.

Sasa nawauliza wanaowahubiria vijana kwamba muda ni mali, na kwamba mwenye kulala ni maskini: je, mali haina matunzo? Mwaka wa kwanza tu wa uhasibu mwanafunzi hufundishwa kukata uchakavu. Gari likinunuliwa, kila mwaka thamani yake hupunguzwa vitabuni, maana linachakaa. Mfanyabiashara asiyeuhesabu uchakavu hujiona ana faida, kumbe anakula mtaji. Mbona basi mwanafunzi huyohuyo, akitoka darasani, hujihesabu yeye mwenyewe kama chombo kisichochakaa? Tunapenda kuwaambia vijana kwamba mchumia juani hulia kivulini. Tumelishika jua, kivuli tumekisahau. Methali yenyewe ina vyote viwili.

Wapo watakaonibishia kwamba kupumzika ni anasa ya watoto wa matajiri. Mtoto wa mvuvi atapumzikaje na ada haijatimia? Hoja hii ina uzito, na siicheki. Tena Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakemea wanaume wa vijijini waliokaa kama watu walio likizo nusu ya maisha yao. Lakini Azimio hilohilo lilisema kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Halikusema hivyo ili wanaume nao wachoke kiasi hicho. Lilitaka mzigo ugawanywe. Na mimi nasema hivyo. Uvivu ni kuikimbia kazi. Mapumziko ni kujiandaa kuirudia. Maskini ndiye hasa asiyeweza kumudu kurudia mtihani.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi. Vijana hawa ndio mameneja wa kesho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na siku 28 za likizo ya mwaka. Mwanafunzi wa biashara huikariri sheria hiyo usiku wa manane, macho mekundu, apate alama. Je, mtu aliyefundishwa kwamba kupumzika ni aibu atampa karani wake likizo kwa moyo mkunjufu? Atamnung'unikia. Atamwona mvivu, kama mimi nilivyoonekana na yule mzee. Ndivyo maradhi haya yanavyorithishwa, na hulipwa na wasiokuwa na sauti.

Mwaka 2024 hata ziwa lilipumzishwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Haikuwa rahisi kwa watu wanaoishi kwa samaki. Lakini hoja ilieleweka: kinachovuliwa bila kikomo hatimaye hakivuliki. Ikiwa ziwa lenye kina cha zaidi ya meta 1,400 linahitaji kuachwa litulie, sembuse kichwa cha kijana wa miaka 20?

Kwa hiyo, ewe kijana unayengoja kwenda chuo cha biashara, fanya kazi, wasaidie wazazi, lakini majuma mawili ya mwisho yafanye yako. Kaa nyumbani, lala, ogelea, wasikilize wazee. Ukifika chuoni, chagua siku moja katika juma, usiiuze kwa mteja yeyote. Likizo ikifika, rudi kwenu. Nanyi wazazi, mkimkuta amekaa mchana chini ya mwembe, msimuulize anafanya nini. Baba yangu alifariki miaka michache baada ya mimi kumaliza masomo. Katika likizo zile mbili nilizouza dagaa, mwezi ulipevuka Kagunga kama kawaida, naye alikaa barazani. Hesabu ya hasara ile sijaweza kuifunga hadi leo.