Maarifa ya Nyumbani: Kusafisha Gari pasipo Ndoo ya Maji



Siku hizi katika vijiji vyetu si ajabu kuona gari limesimama uani. Huyu ana teksi, yule ana pikapu ya kupeleka mazao sokoni. Ni chombo kinacholisha watoto, nacho hutaka kutunzwa. Lakini kiangazi kikishika na kisima kikawa mbali, ni nani aletaye maji ya kuliosha? Mara nyingi ni mama au mtoto. Tena debe moja la lita 20 ni mzigo wa kilo 20 kichwani.

Basi, katika maduka ya vifaa vya magari huuzwa dawa ya kunyunyizia, ya kusafisha gari pasipo maji. Ndani yake mna sabuni laini na vitu vya kuleta utelezi. Kazi yake ni kulowesha vumbi na kulitelezesha, lipate kuondoka bila kukwaruza.

Adui wa rangi ni mchanga uliomo vumbini. Punje yake ni ngumu kuliko rangi. Ukipangusa kwa kitambaa kikavu, kitambaa hicho hugeuka msasa. Magari mengi ya siku hizi yana utando wa juu ung'aao kama kioo, nao ni mwembamba kuliko unywele. Ukikwanguka haurudi. Mkwaruzo ukifika kwenye bati, kutu huingia, na siku ya kuuza gari bei hushuka.

Fanya hivi. Weka gari kivulini, bati lipoe. Twaa vitambaa laini vya maikrofaiba, vitano au sita, vilivyo safi. Kunja kimoja mara mbili, upate pande nane za kutumia. Anza na paa, ukishuka chini, sehemu moja moja. Nyunyiza dawa mpaka pote palowe, ngoja kidogo, kisha pitisha kitambaa polepole kwa mstari mmoja, bila kukandamiza wala kuzungusha. Kila upande ukichafuka, geuza. Pande zote zikiisha, chukua kingine. Mwisho kausha kwa kitambaa kikavu kilicho safi. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando hata kifuliwe, maana kimekwisha kuokota mchanga.

Angalia sana: dawa hii ni ya vumbi jepesi. Gari lililoganda matope lisiguswe kwa kitambaa. Kwanza lilowesheni na kulimwagia maji matope yatoke, hata ikibidi kungoja mvua. Kwa matairi, maji yaliyosuuzia nguo yanatosha kabisa.

Wengine hupaka mafuta ya taa ili gari ling'ae. Mng'ao huo ni wa saa chache tu. Baadaye vumbi hunata zaidi, na mipira ya milango huharibika. Acheni desturi hiyo. Tena chupa ya dawa iwekwe mahali pa juu, watoto wasiifikie.

Mtasema, chupa hiyo ni ya fedha. Ni kweli. Lakini maji nayo yana bei, ila mlipaji wake ni yule aendaye kisimani alfajiri, na mara nyingi hatumwandiki katika hesabu ya gari. Baba mwenye gari, tia hesabu hiyo nayo. Debe lililobaki mtungini litapika chakula cha jioni, na mtoto atawahi shule.