TUHESABU POINTI KABLA YA KUTUMA MAOMBI

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hapa Kwa Mathias maneno ni yale yale: kijana kasoma PCB, basi ni daktari, tena wa Muhimbili. Sisi walimu wenu twaona tabu kuitikia tu.

Alama za chini zinazotangazwa na TCU ni ruhusa ya kuomba, si nafasi. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. A tatu ni 15. Mwenye pointi 8 anapanga foleni moja na wenye 13 na 14 wa nchi nzima, wakiwemo majirani zetu wa Kibaha Sekondari, shule ya vipaji maalumu. Viti vikijaa kwa hao, vimejaa.

Tangu 2017 mwombaji hujiombea mwenyewe chuo kimoja kimoja, na ada ya fomu hutoka kwa mama auzaye maandazi. Kwa hiyo Muhimbili iandikwe, na chini yake ualimu wa sayansi, mathalani Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, au stashahada ya utabibu. Wengine humfutia binti Dodoma kwa kuwa ni mbali. Huko ni kumpunguzia nafasi kwa mikono yetu.

Na istikhara? Tuiswali, naam, baada ya kutazama matokeo. D ya Kemia haigeuki B kwa rakaa mbili.

Wenye matokeo waje nayo madrasa baada ya Alasiri, pamoja na mzazi na kalamu.