Ghala la Kumbukumbu Lisiwe na Mlango Mmoja

Mfanyabiashara wa ndagala katika mji wa Rumonge hahitaji kufundishwa kwamba si busara kuweka mzigo wake wote katika ghala moja lililo kando ya maji. Ndagala waliokwisha kukaushwa wakilowa, mtaji wa msimu mzima huharibika. Ziwa Tanganyika limewapa watu wa mwambao wa Burundi fundisho hilo zaidi ya mara moja. Maji yalipanda mno mwaka 1964. Yakaanza kupanda tena mwaka 2020, na mwaka 2024 yakafurika Gatumba, yakaingia katika bandari ya Bujumbura na kuzifikia nyumba za ufukweni Rumonge, hata familia nyingi zikalazimika kuhama.

Uko mzigo mwingine usiokuwa na harufu ya samaki wala uzito wa gunia, nao ni kumbukumbu za ofisi: orodha za mishahara, vyeti vya kuzaliwa, hesabu za benki, hati za mashamba, majalada ya wagonjwa, na malipo ya uzeeni ya askari. Zamani mzigo huo ulikuwa karatasi ndani ya makabati. Siku hizi sehemu kubwa yake imo ndani ya kompyuta, na ofisi kubwa huuhifadhi katika mtambo uitwao mtandao wa hifadhi. Ukurasa huu leo waeleza mtambo huo ni kitu gani, hutunzwa vipi, na fundi afanye nini unapoharibika.

MTANDAO WA HIFADHI NI NINI

Kompyuta ndogo ya nyumbani ina diski yake mwenyewe ndani ya tumbo lake. Kompyuta ikifa, mara nyingi diski nayo haifikiki. Taasisi yenye seva nyingi haiwezi kuridhika na mpango huo. Kwa hiyo diski zote hukusanywa mahali pamoja, katika kabati la hifadhi lenye vidhibiti vyake, nazo seva huzifikia kwa barabara maalumu isiyopitisha shughuli nyingine. Barabara hiyo aghalabu ni nyuzi za kioo zipitishazo nuru, na kwenye njia panda zake husimama swichi zinazoelekeza safari.

Mambo matatu yahitaji kufahamika vema. La kwanza ni anwani. Kila tundu la seva na la kabati lina anwani yake ya kudumu, yenye tarakimu na herufi 16, ambayo haifanani na nyingine yoyote. La pili ni kanda. Msimamizi huandika katika swichi ni anwani zipi zaruhusiwa kuonana. Zisizokuwamo katika kanda moja hazijuani kabisa. La tatu ni fungu. Kabati hugawa nafasi yake mafungu mafungu, na kila seva hupewa fungu lake. Seva mbili zisizokuwa na mpango wa kushirikiana zikipewa fungu moja kwa makosa, kila moja huandika juu ya maandishi ya mwenzake, na hasara yake ni kubwa kuliko ya moto mdogo.

Juu ya hayo, mtandao uliojengwa kwa busara huwa na njia mbili zilizotengana kabisa: swichi mbili, kadi mbili katika kila seva, na vidhibiti viwili katika kabati. Njia moja ikikatika, kazi huendelea kwa ile ya pili. Askari aliyepata kulinda daraja aielewa sababu yake bila ya maelezo marefu.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Wema huo wa njia mbili una hatari yake. Njia moja yaweza kufa leo, na kwa kuwa kazi haikusimama, asiwepo mtu wa kutambua. Miezi mitatu baadaye ya pili nayo hufa, na wote husema mtambo umeharibika ghafula, kumbe ulianza kuharibika zamani. Kwa sababu hiyo msimamizi mwema huhesabu njia kila siku. Ikiwa seva yapaswa kuona njia nne nayo yaona mbili, hiyo ni dharura hata kama hakuna aliyelalamika.

Pili, kila badiliko liandikwe katika daftari: tarehe, saa, jina la fundi, kilichobadilishwa, na namna ya kukirudisha kilivyokuwa. Daftari la zamu la kituo cha polisi ni mfano mzuri wa kuiga. Saa za mitambo yote zilinganishwe. La sivyo, haitajulikana ni tukio gani lililotangulia.

Tatu, mwambao una matatizo yake wenyewe. Bonde la Imbo lina joto kuliko milima ya Burundi, na mitambo ya namna hii hukaa vizuri penye joto la nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi. Umeme ukikatika, betri hushikilia kwa muda mfupi tu, kisha jenereta lazima iwake. Na uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi katika miaka ya 2020 umeonyesha kwamba jenereta isiyokuwa na akiba ya mafuta ni chuma kitupu. Chumba cha mitambo kisiwe ghorofa ya chini karibu na ufuko, wala betri zisiwekwe sakafuni, hata kama pahala hapo pamekuwa pakavu kwa miaka 30.

MTAMBO UKIHARIBIKA

Fundi mwenye pupa huzima kila kitu na kukiwasha upya. Kwa kufanya hivyo hufuta alama ambazo zingemwonyesha kosa lilipo. Fundi mtulivu huuliza kwanza: Ni nani anayepata taabu, seva moja au zote? Taabu ilianza saa ngapi? Ni kitu gani kilichobadilishwa kabla ya saa hiyo? Ikiwa seva moja tu imepofuka, kosa huenda likawa upande wake. Zikipofuka zote, atazame swichi au kabati.

Baada ya hapo hupanda ngazi kutoka chini. Huanza na kebo: je, nuru inafika kwa nguvu ya kutosha? Ncha ya uzi wa kioo ikishika vumbi, au uzi ukikunjwa sana, taarifa hufika zikiwa na kasoro, na swichi huzihesabu kasoro hizo. Hesabu kubwa peke yake haisemi mengi, kwani yaweza kuwa ya mwaka jana. Jambo la kutazama ni hesabu inayoongezeka. Ncha husafishwa kwa vifaa vyake maalumu, si kwa pindo la shati.

Kebo ikiwa nzima, hutazama kanda. Kosa moja hurudiwa mara nyingi: kadi ya seva imekufa, fundi ameweka mpya, lakini seva bado haioni diski zake. Kadi mpya imekuja na anwani mpya, na swichi pamoja na kabati bado vinaitambua ile ya zamani. Dawa yake ni kuandika anwani mpya mahali pote pawili. Hatua ya mwisho ni ndani ya seva yenyewe, kuona kama imezipokea njia zote.

Kuna ugonjwa mwingine ulio mgumu zaidi, nao ni uzito. Hakuna kilichokatika, lakini kila kazi inajikokota. Pengine seva moja inapokea taarifa polepole kuliko inavyotumiwa, na zile za wenzake hujipanga nyuma yake. Ni kama mtumbwi mmoja unaopakua polepole gatini, na mingine yote ikabaki majini kungoja. Kuongeza diski hakuponyi ugonjwa huo. Sharti atafutwe yule mpakuzi mzito.

Tahadhari kubwa ni juu ya diski zilizounganishwa ili zilindane. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi hiyo; lakini katika mpango ulio wa kawaida zaidi, kundi hilo halivumilii kifo cha pili. Fundi akichomoa diski nzima badala ya ile mbovu, amekwisha kuliangusha kundi. Basi athibitishe namba yake mara mbili, amwite mwenzake aone, ndipo achomoe.

MTAMBO MZURI SI NAKALA

Mwezi Oktoba 2016, Chuo cha King's kilichoko London kilipata ajali iliyosikika sana. Sehemu moja ya kabati la hifadhi iliharibika, jambo la kawaida. Mafundi walipoibadilisha, kabati zima likaanguka, kwa kuwa programu ya ndani ya mtambo ilikuwa na kasoro ambayo haijarekebishwa. Kisha ikaonekana kwamba baadhi ya kumbukumbu hazikuwa na nakala kamili penginepo, nazo zikapotea.

Korea ya Kusini ilipata pigo zito zaidi tarehe 26 Septemba 2025. Moto ulioanzia katika betri uliteketeza sehemu ya kituo cha taarifa za serikali katika mji wa Daejeon. Mifumo zaidi ya 600 ya serikali ilisimama. Hifadhi moja ya watumishi wa serikali, yenye terabaiti 858, haikuwa na nakala mahali pengine, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Nchi hiyo haina upungufu wa mafundi wala wa fedha. Kilichokosekana ni nakala iliyoko mbali.

Kwa Burundi, umbali huo unapatikana. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, uko milimani, mbali na mawimbi ya Tanganyika. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri takribani kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kilometa 100 kwenda na kurudi huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hata hivyo nakala ya papo hapo haitoshi, maana kosa nalo hunakiliwa papo hapo. Hapana budi iwepo nakala ya jana na ya juma lililopita, iliyotengwa na mtandao, na ijaribiwe kurudishwa kabla ya siku ya msiba.

KWA NINI RUMONGE

Rumonge wajua gharama ya kukosa kumbukumbu. Uasi ulioanza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972, pamoja na mauaji makubwa yaliyofuata nchini, uliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania. Waliporejea miaka mingi baadaye, wako waliokuta mashamba yao ya michikichi mikononi mwa wengine, ambao nao baadhi yao walionyesha kwamba walipewa kwa halali. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kushughulikia madai ya namna hiyo. Mahali pasipo hati, hubaki neno la mzee mmoja dhidi ya neno la mzee mwingine, na wazee hawaishi milele. Rumonge ulifanywa mkoa mwaka 2015, na mwaka 2025 mikoa ya nchi ikapunguzwa ikawa 5. Kila mipaka ibadilikapo, majalada huhamishwa, na kila uhamisho ni nafasi ya kupotea.

Nyumbani nako yapo ya kufanya. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati ya kiwanja na barua ya kuajiriwa jeshini vipigwe picha. Ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali, kwa mfano kwa ndugu aishiye mlimani. Mke na mume wote wajue ziliko, kwani askari huitwa kazini bila ya taarifa, na anayebaki ndiye atakayeulizwa. Karatasi za asili zifungwe ndani ya nailoni na kuwekwa juu, si chini ya kitanda.

Kabla ya mwisho wa mwezi huu, kila nyumba ichague jioni moja ya kufanya kazi hiyo. Ofisi nazo zichague siku moja ya kujaribu kurudisha nakala zao. Akiba haiozi, ila iwe imewekwa mahali ambapo maji hayafiki.