Maumivu ya Tatuu: Ganzi Haihalalishi, na Kuchoma Ngozi Si Toba



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na walezi, vijana wetu wa madrasa hutuuliza sana kuhusu tatuu. Swali la siku hizi si lile la zamani, kwamba ni halali au haramu. Hilo wengi wao jibu lake wanalijua. Wanachouliza sasa ni hiki: "Ustadh, ikiwa kuna dawa ya ganzi na mtu haumii, kosa liko wapi?" Tusimfokee anayeuliza hivyo. Swali lake limezaliwa majumbani mwetu wenyewe.

Tunasema hivyo kwa sababu katika nyumba nyingi hoja ya kwanza anayopewa kijana, na mara nyingine hoja ya pekee, ni maumivu. Ataambiwa: "Utachomwa sindano mpaka ulie." Ataambiwa: "Unautesa mwili wako bure." Kijana akifungua simu yake anakuta mafuta ya ganzi yanauzwa, na wachoraji wakijisifu kwamba kwao hakuna kulia. Hapo hoja ya mzazi imekwisha, na kijana anadhani hoja ya dini nayo imekwisha! Ndiyo maana tumeona tuliandikie jambo hili.

Maumivu siyo sababu ya katazo

Hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim ziko wazi kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuchora na mwenye kuchorwa. Katika mapokezi ya Ibn Mas'ud (r.a.) imetajwa na sababu yake, nayo ni kubadilisha maumbile aliyoyaumba Allah kwa kutafuta uzuri. Hakuna mahali palipotajwa kwamba katazo limekuja kwa ajili ya uchungu wa sindano.

Tufikiri kidogo. Tohara inauma, na ni katika sunna za maumbile. Kujifungua kunauma, na mama anapata ujira. Upasuaji wa hospitali unauma, nao umeruhusiwa. Lau maumivu ndiyo yangekuwa kipimo cha haramu, mambo mengi ya kheri yangekuwa haramu, na madhambi mengi matamu yangekuwa halali.

Wanachuoni wameeleza kuchora kwa zamani kuwa ni kudunga ngozi kwa sindano mpaka damu itoke, kisha kutia wanja au rangi ili alama ibaki. Mashine ya leo inatumia umeme, lakini kazi yake ni ile ile: sindano inapita ngozi ya juu na kuiacha wino katika ngozi ya ndani, ambako hauoshwi na maji wala haufi na ngozi inayochuna. Ganzi inaondoa uchungu tu. Alama inabaki, na hukumu inabaki pamoja nayo.

Ukweli kuhusu ganzi

Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa dini hana haja ya kueleza mambo ya dawa, asije akawafungulia vijana mlango. Sisi tunaona kinyume. Mlango wameshaufungua kwa simu zao, na kijana anayekaribia kufanya dhambi bado ni amana mikononi mwetu. Hatutaki afe nayo.

Mafuta mengi ya ganzi yana dawa iitwayo lidokaini. Kazi yake ni kuzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya uchungu kwenye ubongo. Kwa daktari ni dawa yenye manufaa makubwa. Hatari huja inapoingia kwa wingi katika damu, kwani hapo hufika kwenye moyo na ubongo. Na inaingia kwa wingi kwa njia zile zile zinazotumiwa na watu wa tatuu: kupaka eneo kubwa, kuiacha muda mrefu, kufunika kwa karatasi ya plastiki ili ipenye vizuri, na kuipaka tena juu ya ngozi iliyokwisha kuchanwa na sindano.

Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili, wa miaka 22 na 25, kupaka dawa ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Wote wawili walipata degedege, wakapoteza fahamu na kufariki. Machi 2024 mamlaka hiyo hiyo ikaonya tena, safari hii ikizitaja tatuu kwa jina. Iliwataka watu wasitumie mafuta ya kupaka yanayouzwa bila cheti cha daktari yenye lidokaini inayozidi asilimia 4.

Basi kila mzazi azijue dalili hizi: midomo na ulimi kufa ganzi, mlio masikioni, kizunguzungu, kutetemeka, moyo kwenda mbio au kwenda vibaya, kushindwa kupumua. Zikionekana kwa mtu aliyepaka dawa hiyo, ifutwe haraka na mgonjwa akimbizwe hospitali. Maswali ya kwa nini alipaka yatasubiri.

Wengine hutafuta njia nyingine. Wapo wanaokunywa pombe kwanza ili wasisikie, na hapo wameongeza dhambi juu ya dhambi. Wapo wanaomeza aspirini, nayo huifanya damu isigande upesi, hivyo kijana hutoka damu zaidi. Na hakuna ganzi yoyote inayosafisha sindano iliyotumiwa na mwingine. Ukimwi na homa ya ini haziji na maumivu ya kumwonya mtu.

Aliyekwisha kuchorwa

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma zaidi. Mzazi anagundua tatuu kwenye mkono wa mwanawe. Hasira zinapanda, aibu ya majirani inapanda, kisha linasemwa neno "itatoka leo leo!" Pasi ya moto, wembe, maji ya betri, tindikali ya dukani: vyote hivi watu huvitumia kuunguza ngozi, na wengine huona kwamba uchungu huo ni sehemu ya toba.

Tunasema kwa sauti: hii siyo toba, na sheria haikuamrisha. Imam an-Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafi tunamtegemea sana, ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kwamba mahali palipochorwa huwa na najisi, na paondolewe ikiwezekana kwa matibabu. Lakini ikiwa kuondoa kunahitaji kujeruhi, na mtu anaogopea uhai wake, au kupoteza kiungo au manufaa ya kiungo, au kubaki na ubaya mkubwa mahali panapoonekana, basi haimlazimu kuondoa, na akitubia hana dhambi. Na akaeleza kuwa binti aliyechorwa akiwa mtoto mdogo, dhambi ni ya aliyemchora, si yake yeye.

Tazameni upole wa wanachuoni hawa, kisha tazameni pasi ya moto mkononi mwa mzazi! Toba ina masharti yake: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Kuungua hakumo.

Anayeweza kuondoa kwa leza, na aende kwa daktari. Leza huuvunja wino vipande vidogo, kisha mwili huuondoa kidogo kidogo. Inahitaji kurudi mara kadhaa kwa kupishana wiki nyingi, gharama yake si ndogo, na ngozi nyeusi inahitaji leza ya aina inayoifaa na mtaalamu anayeijua, la sivyo hubaki mabaka au kovu. Nayo inauma. Hapa ganzi inayotolewa na daktari kwa kipimo haina ubaya wowote. Mwenye kutubia hakuamrishwa kujitesa ili atakabaliwe.

Na asiyeweza? Aswali, afunge, aje msikitini na madrasa. Wino uko chini ya ngozi, hauzuii maji ya udhu kufika. Tunawaomba walimu wenzetu wasimfukuze, na vijana wenzake wasimkejeli. Kijana anayefukuzwa darasani kwa sababu ya mkono wake huenda kuwatafuta wenye mikono kama yake.

Nyumbani tufanye nini?

Kwanza, tuwape watoto sababu ya kweli. Tuwaambie kwamba mwili ni amana ya Allah, na kwamba tunaacha tatuu kwa kumtii Yeye. Hoja hii ganzi haiigusi.

Pili, tusizibe kila mlango wa mapambo. Mabinti na wake zetu wana hina, inayopendeza na kufifia yenyewe baada ya wiki chache. Ila tujihadhari na piko na "hina nyeusi" iliyochanganywa rangi ya nywele, kwani rangi hizo huwa na kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge.

Tatu, mtoto ajue kwamba akikosea anaweza kurudi nyumbani. Anayeogopa pasi ya moto ataficha mkono wake, ataficha kidonda kilichooza, na ataficha hata kizunguzungu cha ile dawa aliyopaka.

Tunamuomba Allah (s.w.) awahifadhi watoto wetu, awakubalie toba waliotubia, na atupe sisi wazazi na walimu hekima pamoja na upole. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.