Wahitimu Wanaosahauliwa na Vyuo Vyao

Kila yanapowadia mahafali, vyuo vikuu vyetu hutangaza idadi ya waliotunukiwa shahada, na viongozi huwahimiza vijana wakalitumikie taifa. Majoho yakisharudishwa, ni nadra mtu kuuliza walikokwenda. Wanaokumbukwa ni mabalozi, mawaziri na wakurugenzi wa mabenki. Hao ndio wanaoalikwa kwenye karamu za wahitimu, maana wanatarajiwa kuchangia majengo.

Ningependa tumtazame mhitimu wa namna nyingine. Peter Tabichi, mtawa wa shirika la Wafransisko, alisoma katika Chuo Kikuu cha Egerton, na baadaye akafundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Upili ya Kutwa ya Keriko, kijijini Pwani, Kaunti ya Nakuru. (Jina hilo lisimpoteze msomaji wa Mombasa, Pwani hii haina bahari.) Alipotuzwa mjini Dubai mnamo Machi 2019 kama mwalimu bora duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata tuzo hiyo, shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu, na kila mwalimu alikuwa na wanafunzi 58. Takriban thuluthi moja yao walikuwa mayatima au walikuwa na mzazi mmoja. Hata hivyo, katika mashindano ya kitaifa ya sayansi ya mwaka 2018, wanafunzi hao walionyesha kifaa walichobuni cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu.

Tabichi alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Ulimwengu ulimshangilia kwa hilo, nami namheshimu, ila sikubali jambo hilo lifanywe kipimo cha walimu. Yeye ni mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara. Mwalimu mwenye watoto, kodi ya nyumba na deni la mkopo wa masomo hawezi kuishi kwa asilimia 20 iliyobaki, wala haifai serikali ijifiche nyuma ya ukarimu wa mtu mmoja ilhali maabara hazina vifaa.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba aliipeleka fizikia yake mahali ilipohitajika. Marehemu Profesa Wangari Maathai alifanya vivyo hivyo. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1971, akafundisha anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walikuza miche, wakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Msomi huyo aliketi na wanavijiji, akawafunza, naye akafunzwa.

Nanyi walimu, mnapowashauri wanafunzi kuhusu kozi za kuchagua, msiutaje ualimu kama kimbilio la waliokosa alama za udaktari. Watoto husikia, na huyaamini hayo hadi ukubwani.

Kwa vyuo vikuu nina ombi moja. Karamu ijayo ya wahitimu ikiandaliwa, mgeni wa heshima awe mwalimu wa shule ya kutwa iliyo jirani na chuo. Apewe kipaza sauti, ataje vifaa ambavyo maabara yake haina, kisha kikapu cha mchango kipitishwe mezani kabla ya chakula kuletwa.