Treni Ikikwama Mlimani, Saa ya Nani Ifuatwe?

Treni iliyoua watu 281 Igandu, mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, haikuwa ikienda mbele. Ilikuwa treni ya abiria ya Reli ya Kati, imebeba zaidi ya watu elfu moja. Ilipata hitilafu ikipanda mlima, ikashindwa kuendelea, kisha ikaanza kurudi kinyumenyume. Nyuma yake, juu ya njia ileile moja, ilikuwapo treni ya mizigo.

Mwezi mmoja kabla, tarehe 25 Mei 2002, pale Tenga karibu na Moamba, Msumbiji, treni iliyochanganya abiria na mizigo ilikuwa imesimama kwa hitilafu. Wafanyakazi wakayatenga mabehewa ya abiria na yale ya mizigo ili washughulikie tatizo, wakayawekea mawe magurudumuni yasiondoke. Yakaondoka. Yaliteremka hadi yakagonga mabehewa ya mizigo, na watu zaidi ya 190 wakafa.

Tukizungumzia ajali za reli katika nchi zetu, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye mwendo kasi, mataruma yaliyooza, tuta lililosombwa na mvua, au dereva aliyesinzia. Hayo yote yanaua, sikatai. Lakini kuna hatari nyingine ambayo haina mtetezi wala mlalamikaji, kwa sababu inapoanza kila mtu anadhani imekwisha: ile inayoanza baada ya treni kusimama. Mimi naiona kuwa ndiyo hatari inayoeleza zaidi shirika la reli ni la namna gani. Treni inayokimbia inalindwa na mitambo. Treni iliyokwama inalindwa na watu, na kwa utaratibu tu.

Kwanza breki zenyewe. Tangu George Westinghouse alipobuni breki ya hewa inayojifunga yenyewe mwaka 1872, treni nyingi zimetumia kanuni moja: bomba la hewa linapita chini ya mabehewa yote, na kila behewa lina tangi lake dogo. Hewa ya bombani ikipungua, iwe ni kwa dereva kuvuta breki au kwa bomba kukatika, tangi la kila behewa linasukuma breki zishike. Ni ubunifu mkubwa, kwani kuharibika kwa bomba kunaisimamisha treni badala ya kuiachia. Lakini hewa ile ya matangini haikai milele. Inavuja kidogo kidogo, mfano wa mpira wa baiskeli wenye pancha ndogo, na ikiisha breki zinalegea bila mtu kugusa kitu. Kwa hiyo treni iliyosimama mlimani, injini yake imezimika na kikandamiza hewa hakifanyi kazi, imeshikiliwa kwa muda tu. Kinachoishikilia kweli ni breki za mkono za kila behewa na kabari zilizochongwa kwa kazi hiyo. Jiwe la kokoto za tuta si kabari.

Jambo hili lilijulikana kabla reli ya kwanza haijafika Dodoma. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh, Ireland, treni ya matembezi ya watoto wa shule ya Jumapili ya kanisa la Methodisti ilishindwa kumaliza mlima. Ilikuwa na mabehewa 15 na injini haikutosha. Nyuma yake ilikuwa inakuja treni nyingine ya ratiba ya kawaida, kwa maana enzi hizo njia iligawanywa kwa dakika: treni moja ikishaondoka, ya pili inasubiri muda uliopangwa, kisha nayo inaingia, hata kama ya kwanza haijafika popote. Mlimani palizuka hoja: wangoje treni ya nyuma ije iwasukume, au waikate treni na kuivusha nusu kwanza? Ofisa wa kampuni aliyekuwamo safarini akaamua ikatwe. Breki za treni ile zilikuwa za mvuto wa hewa zisizojifunga zenyewe, kwa hiyo zilipotenganishwa, mabehewa kumi ya nyuma yalibaki yameshikwa na breki moja ya mkono na mawe machache. Sehemu ya mbele ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo, kama injini zifanyavyo, ikayagusa mabehewa yale, na mawe yakasagika. Watu 80 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa ufunguo ili asipande asiye na tiketi.

Mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzilazimisha reli za abiria kuwa na breki zinazojifunga zenyewe na kuruhusu treni moja tu katika kila kipande cha njia. Kanuni hizo ndizo zilizoshuka Mombasa na reli ya Uganda. Kwa hiyo hatuwezi kusema utaratibu haukuwapo au kwamba ni wa kigeni kwetu. Miongo kwa miongo, gadi wa treni iliyokwama alijua kazi yake: kushuka, kurudi nyuma kwa miguu umbali mrefu akiwa na bendera nyekundu au taa, na kubandika juu ya reli baruti za tahadhari zinazolipuka gurudumu linapozikanyaga, ili dereva wa nyuma asikie hata kama haoni. Kazi ya kuchosha, tena usiku porini ni kazi ya kutisha, na siku nyingi inaonekana haikuwa na faida kwa sababu hakuna treni iliyokuja.

Utaratibu wa namna hiyo haufi kwa kufutwa. Hufa kwa kuharakishwa. Lac-Mégantic, Kanada, ni ushahidi wa karibuni. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, treni yenye matangi 72 ya mafuta ghafi iliachwa imeegeshwa juu ya mtelemko pale Nantes. Ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu, dereva, ambaye alifunga breki saba za mkono na kwenda kulala hotelini. Alipojaribu kama zinashika, breki za hewa za vichwa zilikuwa bado zimefungwa, kwa hiyo jaribio likampa jibu la uongo. Baadaye injini ya mbele ikashika moto. Zimamoto wakaja, wakaizima injini kama ulivyo wajibu wao, na mtu wa reli aliyetumwa pale hakuwa dereva wa treni. Injini iliyokuwa ikisukuma hewa ikawa imekufa. Hewa ikavuja. Saa saba usiku haijafika, treni ikaanza safari yake peke yake kwenda mjini, na watu 47 wakafa.

Wafanyakazi watatu walishtakiwa, na Januari 2018 baraza la wazee wa mahakama likawaachia wote. Bodi ya uchunguzi ya Kanada ilikuwa imeorodhesha mambo 18 yaliyochangia, na mengi hayakuwa ya dereva: mafunzo, matengenezo ya injini, usimamizi wa serikali, uamuzi wa kuendesha treni nzito kama ile kwa mtu mmoja. Hapa kwetu baada ya ajali swali la kwanza huwa ni dereva yuko wapi. Nalielewa swali hilo, lakini halijawahi kuongeza hata breki moja ya mkono.

Paris nayo ilipata fundisho lake tarehe 27 Juni 1988. Abiria alivuta breki ya dharura katika treni ya vitongoji, treni ikasimama stesheni. Dereva na gadi, wakihangaika kuirudisha katika hali yake, walifunga valvu moja iliyotenga breki za mabehewa karibu yote, wakadhani wametatua tatizo. Treni ikateremka hadi Gare de Lyon karibu haina breki, ikagonga treni iliyojaa watu: 56 wakafa. Injini haikuwa mbovu wala reli haikuwa mbovu. Watu wawili walikuwa wamechelewa, basi.

Sasa kuna upande wa pili, nao una hoja nzito. Treni ya kisasa ikizimika, watu waliomo ndani wanateseka haraka kuliko zamani. Madirisha hayafunguki, kiyoyozi kinategemea umeme, choo kinategemea umeme, na betri zina kikomo. Desemba 2009 treni tano za Eurostar ziliharibika ndani ya handaki la baina ya Ufaransa na Uingereza, kwa sababu theluji laini ilipenya kwenye mitambo na kuyeyuka mlemle. Zaidi ya watu 2,000 walikwama, wengine usiku kucha, gizani na bila hewa ya kutosha. Uchunguzi uliofuata ulilaumu maandalizi ya uokoaji na ukimya walioachiwa abiria, si theluji peke yake. Lewisham, London, tarehe 2 Machi 2018, abiria waliochoka kungoja walifungua milango wenyewe wakashuka kwenye njia yenye reli ya umeme hai. Hakuna aliyekufa, lakini kuanzia pale kila treni jirani ililazimika kusimama na umeme kukatwa, na waliokuwa wamekwama wakazidi kukwama.

Anayesema “wakwamueni haraka” basi hasemi upuuzi. Utaratibu unaowaacha watu kwenye joto kwa saa nne unazaa hatari yake, maana mtu mzima mwenye mtoto anayetapika hatasubiri kibali cha mdhibiti.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kuzifanya saa hizi mbili kuwa moja. Kuna saa ya watu na kuna saa ya magurudumu. Maji, taarifa, hewa, mlango wa kivulini, mfanyakazi anayepita behewa hadi behewa akisema ukweli hata kama ukweli ni “bado hatujui”: hayo yanatakiwa ndani ya dakika, na shirika linaloshindwa linastahili kulaumiwa vikali. Lakini kufunga breki za mkono, kuweka kabari, kuhakiki njia ya nyuma, kuleta injini ya msaada, hayo yachukue muda yanaouhitaji, na asiwepo mkubwa wa kupiga simu kuuliza kwa nini treni haijaondoka.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote katika uokoaji wa treni ni ile inayowaudhi zaidi abiria. Dereva akishaomba injini ya msaada, treni yake haitakiwi kusogea tena, hata akifanikiwa kuitengeneza dakika tano baadaye. Sababu ni kwamba ombi lake limeruhusu jambo ambalo siku zote ni mwiko: kuingiza treni ya pili katika kipande cha njia chenye treni. Dereva wa msaada anakuja polepole akiwa ameelezwa mahali hasa pa kukuta kitu. Kitu hicho kikihama, hata kwa nia njema, anachokijua si kweli tena. Fikiria sasa dereva mwenye abiria mia kadhaa wanaopiga video, injini imewaka, na kitabu kinamwambia kaa hapo. Kukitii kitabu wakati huo kunahitaji shirika lililokwisha kutangaza, mapema na hadharani, kwamba linamuunga mkono.

Ndiyo maana reli mpya ya Tanzania inanivutia kuitazama kwa jicho hili. Safari za umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza 14 Juni 2024, na Dodoma ikafikiwa mwezi uliofuata. Haikupita muda treni moja ikasimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na maelezo ya Shirika la Reli yakawataja ngedere na bundi. Mitandaoni watu walicheka sana. Mimi niliona treni ya umeme wa volti 25,000 imekwama ikiwa na watu, na swali zuri lilikuwa jingine kabisa: nani aliamua nini, dakika ya ngapi, na abiria waliambiwa nini. Nyaya za volti hizo zinaweza kumuua mtu bila hata kuzigusa, kwa hiyo kushusha watu si suala la kufungua mlango tu. Lazima umeme ukatwe, uthibitishwe kukatwa, na nyaya ziunganishwe na ardhi. Njia ile inapita mahandaki na milima ya Kilosa. Treni ya Madaraka kule Kenya ni ya dizeli, ila nayo inapita Tsavo, ambako kumwambia abiria ashuke usiku atembee kando ya reli ni ushauri ambao simba wala watu wa mwaka 1898 wangeufurahia.

Mifumo mipya ya ishara inajua kila treni iko wapi na inaweza kuzuia nyingine isiingie. Hilo lingebadili mengi Igandu. Haiwezi, hata hivyo, kushuka kwenye tuta ikazungusha gurudumu la breki ya mkono, wala kumshawishi ofisa wa ngazi ya juu anyamaze. Na Reli ya Kati ya zamani bado inafanya kazi sambamba na ile mpya, ikiwa na wafanyakazi wanaostaafu pamoja na ujuzi wao.

Mazoezi ya uokoaji yafanywe mlimani na handakini, siyo stesheni penye kivuli na kamera, na yafanywe na abiria wa kujitolea wenye mizigo, wazee na watoto. Injini za dizeli za msaada ziwe na vituo vinavyojulikana, na muda wao wa kufika kwenye kila kipande cha njia upimwe kwa kwenda, si kwa kukadiria. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ichapishe kila tukio la treni kukwama na abiria kupita muda fulani, hata kama hakuna aliyeumia. Uingereza ililichunguza tukio la Lewisham hivyo, na ripoti yake inasomeka na yeyote. Na dereva aliyekataa kuondoka kwa sababu breki hazijahakikiwa, akachelewesha kila mtu saa tatu, jina la uamuzi wake katika ripoti hiyo liwe “sahihi”.